Nyota ya Jirani

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike kurasa chache juu ya maisha na tabia za watu. Nilimjibu kwamba nimefundisha watoto kwa miaka 39, na mtu aliyefundisha watoto muda wote huo hujua mengi juu ya tabia za watu wote isipokuwa tabia yake mwenyewe. Akacheka, akasema, "Basi, Mwalimu, andika juu ya hiyo usiyoijua." Nami nimetii. Yatakayofuata hayanipi sifa, lakini ni ya kweli, na huenda yakamfaa mtu.

Wengi wenu mnajua kwamba naishi kwa binti yangu katika mtaa wa Observatory, hapa Johannesburg, juu ya bonde la Bezuidenhout na jirani wa Yeoville. Jina hilo huwapa taabu watu wazima wa jumuiya yetu. Bibi yetu mmoja, kila akija kunijulia hali, humwambia dereva "Zaveta," na dereva humfikisha salama. Maana yake ni mahali pa kutazamia nyota, na mahali penyewe pako: juu ya kilima, majengo ya kale na kuba lake. Pana kisa, nacho nitakieleza. Lakini kwanza nianze na mimi mwenyewe, kama ilivyo ada ya waandishi na ya binadamu wote.

Kwetu Tanga nilikuwa mtu. Kutoka nyumbani kwangu Ngamiani mpaka sokoni ni mwendo wa dakika kumi, lakini mimi ulinichukua saa nzima kwa sababu ya salamu. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Muuza kahawa nilimfundisha mimi, askari nilimfundisha mimi, na mwizi wa kuku wa mtaa ule nilimfundisha mimi pia, naye ndiye aliyeniamkia kwa adabu kuliko wote. Nilidhani nachoshwa na salamu zile. Mara nyingi nilinung'unika kwa mke wangu, Mungu amrehemu, kwamba hata kununua nazi siwezi bila ya kusimamishwa. Naye alikuwa akinitazama tu, akitabasamu, maana wake zetu hutujua.

Nikastaafu mwaka 2019, na mwishoni mwa 2020 binti yangu akanileta huku. Siku ya kwanza nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yangu ya viua, nikatoka kutembea. Nilizunguka njia nne, baina ya kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu yake, na sikuamkiwa na kiumbe ila mbwa. Mbwa wa Johannesburg, niwatolee ushahidi, hawana upendeleo: humbwekea mwalimu na asiye mwalimu sawasawa. Nilirudi nyumbani nikiwa na njaa, na haikuwa njaa ya chakula. Hapo ndipo nilipotambua kwamba ile "shikamoo" niliyokuwa nikiinung'unikia ilikuwa riziki yangu ya kila siku. Mazoea yana taabu. Aliyezoea sukari, chai isiyo sukari kwake ni dawa.

Basi nikaanza kuitafuta sukari yangu kwa njia zisizonipendeza kuzikumbuka. Karani wa benki aliniuliza anwani yangu, nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu mstaafu. Akarudia kwa upole: "Anwani, baba." Daktari aliniuliza nasikia wapi maumivu, nikamweleza kwanza idadi ya wanafunzi niliopata kuwafundisha. Mtu akishazoea kujulikana, hugeuka mtangazaji wa habari zake mwenyewe, na redio hiyo haizimwi hata wasikilizaji wakilala.

Nisijionee peke yangu, maana ugonjwa huu ni wa wengi, na una sura mbili: kutaka kujulikana, na kutaka kuwa karibu na wanaojulikana. Mnakumbuka tarehe 7 Oktoba 2021, siku ilipotangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, amepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Simu zetu hazikupumzika. Kabla ya sala ya Isha nilikwisha kuhesabu katika jumuiya yetu watu sita waliosema ni jamaa zake, na wawili waliosema wazee wao walimfahamu tangu utotoni. Tulipokutana Jumamosi nikauliza: ni nani hapa aliyesoma walau kitabu chake kimoja? Pakawa kimya. Nami nilikuwa katika waliokaa kimya, ndiyo maana nikawahi kuuliza mimi. Mtu yule kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987. Kwa miaka 34 alikuwa akiandika habari za pwani yetu na za watu waliohama kama sisi, nasi hatukumwona. Kile kitabu chake cha mwaka 1994, Paradise, kilipatikana kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022, yaani baada ya tuzo. Taa ilipowashwa Ulaya ndipo sisi tulipoona kwamba nyumbani mna mtu.

Na si leo tu. Siti binti Saad alitembeza vyungu Unguja, na waliomwona akiuza vyungu walimcheka nasaba na sura. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika santuri, na santuri zile zikarudi pwani kwa jahazi na meli. Nadhani waliomcheka walikuwa miongoni mwa walionunua, wakasema, "Huyu twamjua sana, alikuwa akipita mlangoni kwetu." Ni kweli alipita. Swali ni kama walimwona.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2023, mgawo wa umeme ulikuwa mkali katika Afrika Kusini. Usiku mmoja, yapata saa mbili, mtaa wetu ukazimika wote. Binti yangu alikuwa kazini. Nilichukua kiti nikatoka nje ya lango, kwa kuwa giza la nje si zito kama giza la ndani. Nikainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu nije Johannesburg nikaziona nyota kama tulivyokuwa tukiziona utotoni ufukweni. Upande wa kusini-magharibi iliwaka Suhaili, nyota ya mabaharia. Upande wa kusini-mashariki zilikuwapo zile mbili zinazouelekeza Msalaba wa Kusini. Kwa furaha nikasema peke yangu, kwa sauti: "Subhanallah! Ile Suhaili ile!"

Sauti ikanijibu gizani: "Mwee, kumbe na wewe uko unasema Kiswahili?"

Alikuwa mlinzi wa kizuizi cha mtaa wetu, yule akaaye katika kibanda kidogo mwisho wa njia. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa nampita kila siku, nikimwinulia mkono na kumwambia "morning" hata ikiwa alasiri. Mimi niliyekuwa nikilia kwamba katika mji huu hakuna wa kuniamkia kwa lugha yangu! Kiswahili kilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu, kimevaa koti la kampuni ya ulinzi, nami sikukiona. Alitoka Bukavu, upande wa mashariki wa Kongo, akakimbia vita, akapita nchi nne kabla ya kufika.

Na mnajua neno la kwanza nililomwambia ndugu yule? Nilimsahihisha. Nilimwambia kwamba Kiswahili sanifu ni "kumbe nawe unasema Kiswahili," hiyo "uko" haitakiwi. Kalamu nyekundu ilikuwa bado mfukoni mwangu, miaka minne baada ya kustaafu. Yeye akacheka, akasema, "Aksanti, Mwalimu." Neno hilo lilinishibisha usiku mzima. Sikumwambia kwamba mimi ni mwalimu. Alijua kwa kusahihishwa.

Usiku ule ndio ulionipa hotuba. Jumuiya yetu, kwa wema wake, ilikuwa imeamua kunipa cheti cha heshima, chenye fremu ya kioo, kwa kuwafundisha watoto Kiswahili siku za Jumamosi. Sherehe ilipangwa Jumamosi ya tarehe 27 Mei, nami nikatakiwa niseme maneno machache. Mwalimu hana maneno machache. Nikachagua kusema juu ya kile kituo cha nyota kilichoupa mtaa wetu jina, na hivi ndivyo nilivyosema, kwa muhtasari.

Kituo kile kilianzishwa mwaka 1903, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Robert Innes, mzaliwa wa Edinburgh, aliyeacha shule akiwa na miaka 12. Alihamia Sydney akawa mfanya biashara ya mvinyo, biashara ambayo sisi madrasani tuliambiwa haina baraka, na usiku alitazama nyota kwa mapenzi yake tu. Chuo kikuu hakukisoma. Chuo cha Leiden kilimpa shahada ya heshima mwaka 1923, alipokwisha kuwajua walimwengu nao wamekwisha kumjua. Mwaka 1915, hapa hapa kilimani petu, alilinganisha picha mbili za sehemu moja ya mbingu zilizopigwa kwa kupishana miaka mitano. Maelfu ya nyota yalikuwa pale pale. Nukta moja dhaifu ilikuwa imesogea. Ndege aliye karibu hupita mbele ya macho kwa kufumba na kufumbua, na eropleni iliyo mbali huonekana kama imetundikwa. Kadhalika nyota inayosogea upesi kuliko wenzake hushukiwa kuwa ya karibu. Ilipopimwa, ikaonekana kwamba ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua. Innes akaiita Proxima, yaani iliyo karibu zaidi.

Nuru hukimbia kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka kwenye Jua hutufikia kwa dakika 8 hivi. Kutoka Proxima huchukua miaka 4 na miezi mitatu hivi. Kutoka Suhaili huchukua zaidi ya miaka 300, hata nuru yake tunayoiona leo iliondoka huko karibu na zama zile Waomani walipowatoa Wareno katika ngome ya Mombasa, mwaka 1698. Suhaili ya mbali kila baharia anaijua jina. Proxima, jirani yetu wa kwanza, haionekani kwa macho matupu hata na kijana mwenye macho ya kipanga. Hukaa karibu na nyota kubwa ambayo Waarabu waliiita Rijl, yaani mguu, nayo imejificha ubavuni mwake. "Basi, ndugu zangu," nilimalizia, "tusiwe watu wa kuzisifu nyota za mbali na kutoiona nyota ya jirani."

Walinipigia makofi. Wazee wawili walifuta machozi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi siku ile tembo langu lilikuwa limekwisha kutiwa maji zamani, kama nitakavyoeleza.

Siku chache baada ya usiku ule wa giza, mlinzi yule alinisimamisha. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa inakwisha tarehe 20 Mei. Maombi ya kuiongeza muda yalitakiwa yaandikwe kwa Kiingereza na kupelekwa kwa kompyuta, na yeye Kiingereza chake ni cha mlangoni. "Mwalimu," aliniambia, "utanisaidia kuandika?" Nikamwambia, "Bila shaka, ndugu yangu, njoo kesho." Kesho yake alikuja, nami nilikuwa nikitafuta neno zuri la kufungua hotuba. Nikamwambia kesho kutwa. Kesho kutwa alikuja, nami nilikuwa nikiipima hotuba kwa saa, maana ilizidi dakika nane na sikutaka kukata hata moja. Nikamwambia, "Jumatatu, inshallah." Hiyo "inshallah" nimemwomba Mungu msamaha wake, kwa kuwa sikuitumia kwa kumtegemea Yeye, niliitumia kwa kufunga mlango. Jumatatu hakuja. Nikasema moyoni: kumbe halikuwa jambo la haraka.

Usiku wa tarehe 27 nilirudi nyumbani na cheti changu mapajani. Garini nilikuwa na hamu ya kufika kizuizini, nimwonyeshe yule mlinzi fremu yangu. Kizuizi kilipoinuliwa, kibandani mlikuwa na mtu mwingine. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi. Akaniambia: karatasi yake ilikwisha muda, na mtu asiye na karatasi haajiriwi, sheria ni sheria. Ana siku saba hajaonekana.

Nikamtaka anitajie jina lake nimtafute. Akaniuliza mimi: "Kwani wewe hulijui?" Ndugu msomaji, sikulijua. Nilikuwa nimemfundisha matumizi ya "uko" na "u," na jina lake sikuliuliza.

Sikulala. Cheti nilikitia chini ya kitanda, kioo kikitazama sakafu. Nilikumbuka ya madrasani, jinsi mwalimu wetu wa utotoni alivyokuwa akituambia kwamba riya, yaani kufanya jema ili uonwe, hujificha kuliko mdudu mweusi juu ya jiwe jeusi usiku wa giza. Nilikuwa nimelihifadhi somo lile kwa miaka 55, na nimelifundisha wengine kwa ufasaha. Kulihifadhi somo na kulijua ni mambo mawili, na baina yake pana umbali ambao darubini haiupimi.

Nilimtafuta siku nne. Siku ya nne nikamkuta Yeoville, sokoni katika barabara ya Raleigh, penye Wakongo wengi. Alikuwa amesaidiwa na jamaa zake kipande cha meza, anauza dagaa wakavu, ambao yeye huwaita sambaza kama waitwavyo kwao kwenye ziwa la Kivu. Nilikuwa nimeitayarisha hotuba nyingine njiani, ya kuomba radhi. Nilipomwona yote ikanipotea, nikasema tu, "Nisamehe."

Akanitazama, akasema, "Hapana, Mwalimu. Niliona uko na kazi mingi."

Kalamu nyekundu ilitikisika mfukoni. Kazi mingi! Nikaishika isitoke. Ulimi wa mtu aliyenisamehe ulikuwa sahihi kuliko wangu.

Tulikwenda nyumbani, tukaketi mbele ya kompyuta ya binti yangu. Fomu iliuliza jina, nami nikaliandika, na sasa nalijua, ila hapa silitaji kwa kuwa mwenyewe ameniomba. Fomu ikauliza kazi aliyokuwa akiifanya kwao. Akasema, "Mwalimu, andika mwalimu." Nikadhani ananiita. Nikasema, "Naam, niandike nini?" Akarudia, polepole, kama asemavyo mtu na mtoto mzito wa kusikia: "Andika, mwalimu." Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka sita, katika shule ya vilimani nje ya Bukavu. Mwalimu mwenzangu alikuwa akinifungulia kizuizi kwa miaka miwili na zaidi, akanistahi kwa cheo ambacho yeye mwenyewe anacho, na hakujitangaza hata siku moja.

Alipata karatasi yake baada ya miezi mitatu. Kazi ya ulinzi hakuirudia, nafasi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Bado yuko mezani na sambaza wake, na hasara ile niliyomtia sijui itarudishwa kwa fedha gani. Msamaha hauondoi deni. Humpa mdaiwa nafasi ya kulipa bila ya aibu. Hivi sasa Jumamosi watoto wetu wana walimu wawili. Mimi nafundisha Kiswahili, yeye anafundisha hesabu, na watoto, sina budi kukiri, wanampenda zaidi yeye.

Siku moja nilimsimulia habari ya Vasco da Gama, alipofika Malindi mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kwa muda mrefu watu wamesema rubani yule alikuwa Ahmad bin Majid, baharia mashuhuri, maana sifa humwendea aliye nayo hata kwa kazi asiyoifanya. Wataalamu wa leo wengi hawakubali. Wareno wenyewe walimwandika kwa jina la Malemo Cana, na hiyo Malemo ni neno letu lile lile la Kiarabu, muallim, maana zamani nahodha ajuaye nyota aliitwa mwalimu. Jina alilopewa na mama yake limepotea. Mwenzangu alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Lakini merikebu zilifika?" Nikamwambia zilifika. Hakuuliza zaidi. Alimgeukia mteja akampimia dagaa.

Ndugu zangu, ningependa kumaliza kwa maneno mazuri, lakini nimekwisha kuona gharama yake. Kwa hiyo nasema hili tu. Mwisho wa njia yako pana mtu unayemwinulia mkono kila siku. Muulize jina lake. Na akikuomba jambo, usimwambie kesho, maana ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia kwa kawaida si la yule asemaye "ngoja."

Wabillahi tawfiq.